Umechanjwa Nini?

Kwetu Nkowe kuchanja ni kazi ya watu wengi. Mwanamke huchanja kuni. Mganga humchanja mgonjwa kifuani, akasugua dawa nyeusi kwenye damu. Fundi wa nembo humchanja msichana usoni huku shangazi zake wamemshika kichwa na miguu, naye akiinuka pale ni mtu mzima. Na dresa wa hospitali naye huchanja, begani, ili ndui isikupate. Neno ni hilo hilo moja. Kwa ajili ya neno hilo mwanamke aliitwa mwongo mbele ya watu, na mimi nilikuwepo, upawa mkononi. Hasira ya siku ile nimelala nayo na kuamka nayo, nimezaa nayo watoto na kuwaoza, na haijaisha.

Ilikuwa miaka ile ya karanga. Wazungu walishuka Nachingwea kulima karanga kwa matrekta makubwa, yanakwenda mawili mawili yakivuta mnyororo mmoja katikati, na msitu uliosimama tangu enzi za mababu unalala chini kabla jua halijapanda. Mume wangu, Kaimu, alipata kazi ya kufuata nyuma ya mnyororo kung'oa visiki. Tukafunga nyumba Nkowe, mihogo tukamwachia mama mkwe, tukaja kukaa kwenye kibanda cha nyasi pembeni ya mji. Nilikuwa na mtoto wangu wa kwanza, Hasani, bado wa mgongoni. Nami nikapata kazi ya kupika uji katika banda la wageni.

Banda lenyewe lilikuwa kando ya barabara ya kwenda Ruangwa, mahali pasipo na kivuli. Watu waliliita Banda la Moshi kwa sababu ya pipa lililochemshwa pale kutwa. Wageni walikuwa ni watu wa ng'ambo ya Ruvuma, waliomkimbia Mreno. Huko kila nyumba ililazimishwa kulima pamba, hata kama watoto hawana muhogo wa kutafuna, na mwanamume aliweza kuchukuliwa shambani kwake asubuhi akapelekwa kazi ya shuruti asionekane tena. Basi walivuka mto kwa mitumbwi, wakapanda milima ya Makonde, wakashuka mpaka kwetu, miguu imepasuka. Amri ilikuwa mgeni asiingie kijijini wala kambi ya kazi kabla hajapita pale bandani akaangaliwa afya yake.

Siipingi amri hiyo. Ndui naijua, iliwahi kumaliza nyumba nzima ya ndugu za mama yangu. Ninachokasirikia ni namna.

Wakifika, askari wa lango, Adinani, aliwaketisha chini, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nguo zao walivuliwa zikatiwa kwenye pipa la maji yanayochemka, nao wakapewa mablanketi ya kujifunika, na mablanketi yale yalinuka jasho la kila aliyepita kabla yao. Kisha walipulizwa unga mweupe wa chawa kwa bomba, kichwani, kwapani, ndani ya blanketi. Mama mtu mzima, mwenye wakwe, anapakwa unga kama samaki anayengoja mafuta yapate moto. Nilikuwa naangalia pembeni. Sabaha, mpishi mwenzangu, mama wa Kiyao aliyenizidi umri na maneno, yeye haangalii pembeni. Alikuwa akisema kwa sauti, "Nyunyiza taratibu wewe, huyo si muhogo."

Baada ya unga walikwenda kwenye meza ya dresa. Dresa alikuwa Protasi, kijana wa misheni, kaptula imepigwa pasi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Alikuwa mtu wa huku huku kwetu, na hilo mlikumbuke. Alikaa kwenye kigoda chini ya bati, na hatua chache kutoka hapo ndipo palipokuwa na mafiga yetu, kwa hiyo kila alilouliza tulilisikia. Unaumwa? Unahara? Umechanjwa ndui? Aliyesema hajachanjwa alielekezwa kushoto, kwenye benchi la chanjo. Aliyesema amechanjwa alikwenda kulia, kwenye uji.

Siku banda lilipofunguliwa, Bwana Afya, Mzungu mkubwa wa mambo yale, alisimama pale akamwambia Protasi kwa Kiswahili, sisi sote tukisikia: "Wewe usiulize tu. Fungua bega, tazama alama." Maana chanjo ya ndui huacha kovu la duara begani, limebonyea kama mahali pa kidole kwenye ugali. Na siku za mwanzo Protasi alitazama. Lakini kutazama kuna kazi. Mwanamke amejifunga blanketi mpaka shingoni, ana mtoto, ana haya, mpaka umfungue bega na umfunike tena, jua limesogea. Basi akaacha kutazama, akabaki na kuuliza.

Halafu ikaja siku ya kundi kubwa. Lori la maji halikuwa limefika, pipa lilikuwa nusu, watu wamejaa mpaka barabarani, watoto wanalia. Nilikuwa nimeinama kwenye mafiga, kuni za mwaka ule zilikuwa mbichi, moshi unaniingia machoni. Nikawa nasikiliza tu. Asubuhi Protasi aliuliza, "Umechanjwa ndui?" Jua lilipokuwa utosini akawa anauliza, "Umechanjwa?" Neno ndui limedondoka, na hakuna aliyeinama kuliokota. Alasiri alikuwa hata hainui uso, anasema, "Chanjwa?" kama mtu anayefukuza kuku.

Hapo ndipo akaja Lusiana. Nilimtazama kwa sababu hakuinamisha kichwa kama wengine. Mwanamke wa Kimakua, mrefu, mkavu, mwenye nembo ya mwezi mchanga katikati ya paji la uso na mistari ya mashavuni iliyochanjwa na fundi hasa, si ya kubahatisha. Alimshika mkono mtoto wa kike wa miaka kama minne, jina lake Magreti, tumbo mbele, unga wa chawa umemkaa kwenye kope.

"Chanjwa?" Protasi akasema.

"Ndiyo, baba. Nimechanjwa." Na akagusa paji la uso, kwa heshima, kama mtu anavyogusa kitu alichopewa na mama yake.

"Na huyo?"

"Naye kachanjwa. Njiani homa ilimshika, mganga kamchanja kifua."

"Kulia. Mwingine."

Nilisikia kila neno, na sikuona kasoro. Ningeulizwa hivyo mimi, na nembo zangu hizi, ningejibu hivyo hivyo. Anayeulizwa hujibu alichoulizwa.

Wakaja kwangu. Kiswahili cha Lusiana kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini alikiokota vizuri. Nilimpa bakuli, akampa mtoto kwanza.

"Huo uji una chumvi," Magreti akasema kwa lugha yao, na mama yake akatufasiria kwa aibu.

"Mwambie ni machozi ya mpishi," Sabaha akajibu. "Tangu asubuhi tunalishwa moshi."

Lusiana akacheka, na kucheka kwake kulikuwa kama kwa mtu aliyekuwa amesahau. Akatueleza kidogo kidogo, siku ile na zilizofuata, kwa sababu lori la kuwapeleka wageni mbele lilikuwa limeharibika na wakabaki bandani wakingoja. Mume wake alichukuliwa na watu wa Mreno wakati pamba inachanua. Msimamizi akaja kumwambia sehemu ya pamba ya mume sasa ni yake. Akalima zote mbili, mtama wake ukaliwa na nyani. Siku moja akaacha jembe limesimama ardhini, akamshika mtoto, akaelekea mtoni. "Jembe liko pale mpaka leo," alisema. "Kama msimamizi anataka pamba, alishike yeye."

Magreti alizoea kuja kwenye mafiga kungoja ukoko wa sufuria. Nilikuwa nampa na kikombe cha bati cha maji, akishakunywa anakigonga kwa kijiti, anacheza. Sabaha akamwita Ngoma.

Aliyeanza kuugua ni mzee mmoja wa kundi lao. Homa, mgongo, kisha vipele. Wakamtoa wakampeleka kibanda cha kutengwa, ng'ambo ya korongo, kilichozungushiwa kamba. Akafuata kijana. Akafuata mama mmoja na mwanawe. Halafu asubuhi moja Magreti hakuja kwenye ukoko. Nilikwenda kumwangalia, nikamkuta amelala kwenye mkeka, mwili moto kama kigae, na siku zilizofuata vipele vikatoka usoni, viganjani, mpaka kwenye nyayo. Vya viganjani ndivyo vinavyokuambia. Tetekuwanga haipendi viganja.

Walimchukua Magreti wakampeleka ng'ambo ya korongo. Lusiana walimzuia kwenye kamba. Aliyeruhusiwa kuvuka ni mzee mmoja tu aliyekwisha kuugua ndui utotoni, uso wake mashimo matupu, ndiye aliyebeba uji wetu na kuwageuza wagonjwa. Lusiana akakaa pale kwenye kamba tangu kunapambazuka. Nilikuwa nimempa mzee kile kikombe cha bati ampelekee mtoto. Basi Lusiana akaita, "Magreti," na kule ndani kikombe kikagongwa. Kila akiita, kikombe kinagongwa. Ndivyo walivyozungumza. Mimi nilikuwa nakoroga uji nikisikiliza kikombe.

Na Protasi? Protasi aliona kabla yetu sote. Kila aliyeanguka alikuwa wa kulia. Wa kushoto, waliochanjwa bandani, walikuwa wanakula na kulalamika kama kawaida. Nilimwona amesimama anahesabu kwa macho, anatazama kundi la kulia, anatazama kibanda, soksi moja imeshuka na hajui. Alikuwa na nafasi ya kusema siku ile. Angesema tu, "Sikutazama mabega." Watu wangechanjwa jioni ile ile. Akanyamaza. Kesho yake akanyamaza. Akangoja Bwana Afya aje mwenyewe.

Bwana Afya alikuja na gari, uso mwekundu, akaamuru wote walioko bandani wapange mstari wafunue mabega. Akapita mmoja mmoja. Upande wa kulia, bega baada ya bega, halina kitu. Akafika kwa Lusiana, aliyeitwa kutoka kwenye kamba.

"Wewe ulisema umechanjwa?"

"Nimechanjwa, bwana."

"Wapi? Hakuna alama."

Lusiana akagusa paji lake la uso. Bwana Afya akafikiri anajipangusa jasho. Akamgeukia Protasi, wakasemezana Kizungu, na tulichoambulia ni kichwa cha Protasi kikitikisika kwa masikitiko. Kisha Protasi akatugeukia sisi, akasema kwa Kiswahili safi, sauti ya misheni:

"Bwana anasema watu hawa wamedanganya. Wameogopa sindano, wakasema uongo, na uongo wao umeleta ndui. Leo watachanjwa. Wakimaliza siku za kutengwa bila kuugua, lori litawarudisha Ruvuma, wavuke warudi kwao. Wagonjwa watabaki mpaka wapone."

Mtu mmoja akafasiri kwa Kimakua nyuma kabisa, na nikasikia neno la kurudi likipita kwenye mstari kama upepo kwenye ufuta uliokauka.

Nikaelewa kilichosemwa. Lusiana akipona, yaani asipougua, atapakiwa lori kurudishwa kwa msimamizi na jembe lake, na Magreti atabaki ng'ambo ya korongo peke yake, na mzee wa mashimo. Kwa kosa gani? Hasani mgongoni akaanza kulia.

Asubuhi ile kikombe kilikuwa hakijagongwa. Lusiana alikuwa ameita, akaita, na kule kimya.

Wakaleta benchi la chanjo, kichupa cha dawa, na kile chuma chenye meno cha kukwaruzia. Protasi akamwita Lusiana wa kwanza. "Toa mkono, mama mwongo," akasema, si kwa ukali, kwa mzaha, kama wanaelewana.

Lusiana hakutoa mkono. Akaufungia ndani ya blanketi.

"Niulize tena," akasema.

"Nini?"

"Lile neno uliloniuliza siku ile. Niulize tena hapa, watu wasikie."

"Hakuna wakati wa michezo. Toa mkono."

Sabaha akamsogelea, akamnong'oneza, lakini Sabaha hata akinong'ona husikika. "Mwanangu, toa mkono uchanjwe. Wakikuchanja labda watakuruhusu uende kwa mtoto. Ukweli utautafuta baadaye."

"Mama, nikitoa mkono nikiwa mwongo, lori litanikuta mwongo," Lusiana akasema. "Aniulize."

Bwana Afya akauliza kuna nini. Protasi akamwambia kitu kwa Kizungu, kifupi. Nadhani alimwambia anaogopa sindano, kwa sababu Bwana Afya alimwonyesha Lusiana mkono wake mwenyewe, akajipiga begani, akasema kwa upole wa mtu anayesema na mtoto, "Haiumi, mama. Kidogo tu."

Kama kuna kitu kilichonichoma siku ile ni upole huo. Mwanamke ametembea kutoka kwa Mreno kwa miguu, uso wake mzima umepitiwa na wembe, anaambiwa haiumi.

Lusiana alimtazama Protasi, akamtazama pembeni mwa macho, kwenye mifupa ya kando ya paji, ambako Protasi, pamoja na misheni yake yote na pasi yake yote, alikuwa na mistari miwili miwili, midogo, ya kwao. Tulikuwa tunaiona kila siku. Lusiana akainua kidole.

"Wewe, baba," akasema. "Wewe umechanjwa?"

Protasi akageukia kichupa cha dawa.

"Nakuuliza kama ulivyoniuliza. Umechanjwa?"

Ilikuwa rahisi kuona anavyopima. Akisema hapana, mistari iko hapo kila mtu anaiona. Akisema ndiyo, basi amesema alichosema Lusiana. Jasho likamtoka likapita katikati ya mistari ile.

"Mimi nimechanjwa," Sabaha akadakia, akifunua kichwa. "Hapa, na hapa, na kiunoni, huko sikuonyeshi, mume wangu ana wivu. Na begani hamna kitu, maana hakuna aliyewahi kuniangalia begani. Bwana Afya, nipandishe lori."

Watu wakacheka, kicheko cha kukasirika. Mimi nikasogea mbele na upawa wangu, uji ukidondoka. "Na mimi nimechanjwa," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Nimechanjwa usoni, nimechanjwa na mganga nilipozaa huyu. Dresa alisikika na sisi sote hapa. Alikuwa anauliza umechanjwa, umechanjwa, ndui hakuitaja. Angeitaja, wangemwambia hapana."

Adinani, askari wa lango, mtu asiyependa matatizo, akakunja mkono wa shati taratibu, akaonyesha chale nyeusi za dawa ya nyoka kwenye kifundo cha mkono. Akaukunjua tena.

Bwana Afya hakuwa mjinga. Alitazama kifundo cha Adinani, akatazama uso wa Sabaha, uso wangu, uso wa Lusiana. Mwisho akamtazama Protasi kwenye mifupa ile ya kando ya macho, kwa muda mrefu, nadhani kwa mara ya kwanza. Akamuuliza jambo kwa Kizungu, polepole. Protasi akajibu akitazama soksi zake. Uso wa Bwana Afya ukazidi kuwa mwekundu.

Sasa sikilizeni alichosema. Mimi nilingoja. Nilifikiri mtu mkubwa akijua kwamba amemwita mtu mwongo kwa makosa, kuna neno la kusema, neno dogo, hata mtoto wa Nkowe analijua. Bwana Afya akasema:

"Basi. Hakuna lori. Chanja wote."

Na akaenda kwenye gari kunywa maji. Ndivyo ilivyokuwa. Pole haikutoka. Protasi hakukaripiwa mbele yetu. Kama alikaripiwa ilikuwa kwa Kizungu, ndani ya gari, mahali ambapo aliyetukanwa hasikii. Tusi lilitolewa kwa Kiswahili hadharani, toba ikafanywa kwa lugha isiyojulikana.

Protasi akarudi kwenye benchi. "Haya mama," akasema kwa sauti ya chini. "Mkono."

"Niulize," Lusiana akasema.

"Bwana ameshasema hakuna lori. Unataka nini tena?"

"Niulize."

Protasi akainamisha kichwa. "Umechanjwa?"

"Umechanjwa nini?" Lusiana akasema. "Maliza neno."

Hakuna aliyecheka hapo. Watu wote wa mstari, mabega wazi, unga mweupe bado kwenye nywele, walikuwa wanamtazama Protasi.

"Umechanjwa ndui?" akasema.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Umechanjwa ndui?" Alisema kwa nguvu, sauti ikapasuka.

"Hapana, baba," Lusiana akasema. "Ndui sijachanjwa. Mtoto wangu hakuchanjwa. Ungeniuliza, ningekuambia." Na akatoa mkono.

Chuma kikazungushwa begani, damu ikatoka nukta nukta. Hakukitazama. Alikuwa anatazama korongo. Dawa ilipokauka, Sabaha akaenda mwenyewe mpaka kwenye gari, akasimama dirishani mpaka Bwana Afya akachoka kumwona, akatoa ruhusa: mama aingie kwa mtoto, asitoke mpaka ugonjwa uishe. Lusiana akapita chini ya kamba bila kuaga. Nilisimama na sufuria yangu. Nilingoja. Uji ukaungua, na sijawahi kuunguza uji kabla ya hapo wala baada yake. Halafu kutoka ng'ambo ya korongo kikombe kikagongwa, polepole, mara moja, na mkono uliokigonga haukuwa wa mtoto. Alikuwa Lusiana akituambia kwamba Magreti yu hai.

Mzee yule wa kwanza kuugua alikufa. Kijana alikufa. Yule mama aliyekuwa na mwanawe alikufa, mtoto akabaki. Walizikwa kule kule, na wagonjwa walipokwisha kutoka, kibanda kikachomwa moto. Magreti alipona. Jicho la kushoto lilikuwa limeota kipele ndani, likageuka jeupe kama punje ya mtama, halikuona tena.

Banda liliendelea, na tangu siku ile walitazama mabega. Protasi akafundishwa zaidi, akapewa baiskeli, akawa mkubwa wa dresa wenzake. Nilimwona miaka iliyofuata akipita barabara ya Nanganga, kengele inalia, watu wakimsalimia shikamoo. Mimi nilikuwa nageuka naangalia mikorosho. Mniwie radhi, lakini shikamoo yangu si ya kila mtu.

Karanga za Wazungu zilikufa kwa ukame, matrekta yakaota kutu, nasi tukarudi Nkowe. Lusiana alipewa shamba Likunja, akalima ufuta, na pamba hakuigusa tena hata alipopewa mbegu za bure. Tulikuwa tunatembeleana. Kabla hatujapata uhuru wakaja tena watu wa chanjo, wakakaa na meza yao pale Likunja, dresa kijana tu, hatukuwa tunamjua. Akawauliza watu wa kwanza, "Umechanjwa?" Lusiana alikuwa katikati ya mstari, ameshikana na Magreti, msichana mkubwa sasa, kitambaa amekishusha upande wa kushoto.

"Umechanjwa nini?" Lusiana akasema kutoka huko huko mstarini. "Maliza neno, mwanangu."

Dresa akashtuka, akamaliza neno.

Siku hizi kule Likunja neno hilo limekuwa msemo. Mtu akikuuliza jambo nusu nusu, sokoni, barazani, hata mwanamume akimuuliza mkewe ulikuwa wapi bila kusema lini, anajibiwa, "Umechanjwa nini?" Watoto nao wanasema, hawajui kumetoka wapi. Watu hucheka sana.

Mimi sicheki. Mimi nasikia kikombe.